Jeti ya kusimama kwenye Ziwa Kivu: linganisha kwanza, toa dola baadaye

Kila mwezi wa sita, kiangazi kikianza, maswali ni yale yale. "Kaka, nichukue Kawasaki au Yamaha?" "Ile ya nguvu za farasi 160 si ndiyo bora?" "Kuna moja ya mwaka 2005 inauzwa Bukavu, niinunue?" Nimeyajibu kwenye simu, kanisani, hata kwenye foleni ya esansi. Leo nayaandika yote pamoja.

Kwanza tuelewane kwa majina. Watu wa Goma huita kila pikipiki ya maji "jet-ski", lakini Jet Ski ni jina la biashara la Kawasaki, waliouza ya kwanza mwaka 1973. Hapa nitasema "jeti" tu. Na ninazungumzia jeti ya kusimama: mtu mmoja, miguu kwenye trei ya nyuma, usukani umefungwa kwenye mkono mrefu unaopanda na kushuka. Ile ya kukaa kama pikipiki ni chombo kingine. Wengi huniuliza kuhusu Sea-Doo Spark. Hiyo ni ya kukaa, kwa hiyo haimo humu.

Nitasema pia "esansi" badala ya "petroli", maana ukiomba "petroli" hapa kwetu unaweza kupewa mafuta ya taa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Uzito wako halisi, uliopimwa kwenye mizani. Usikisie.
- Jibu la swali hili: nani atakusaidia kuinyanyua jeti kila siku? Andika majina yao.
- Fundi mmoja aliyekwisha kufungua mota ya boti.
- Kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), spana ya buji (plagi), tochi na batri iliyojaa chaji.
- Jile ya kuokoa maisha inayokubana vizuri, hata kama unajua kuogelea. Kivu ina kina cha karibu mita 480, na hata karibu na ukingo, hatua chache tu kutoka kwenye mawe, unaweza kukosa pa kukanyaga.
- Ruhusa ya kutumia sehemu ya ufukwe unayotaka. Uliza wenye bandari ya jirani kabla hujanunua.

Hatua ya 1: Amua utaitumia kwa kazi gani

Kuna namna tatu za kuendesha jeti ya kusimama. Kuna mbio za kuzunguka maboya. Kuna michezo ya kuruka na kugeuka angani. Na kuna kutembea tu, kufurahia maji asubuhi kati ya mitaa ya Himbi na Keshero hapa Goma. Kwa miaka yote niliyokaa ufukweni, karibu kila aliyeniuliza alitaka hii ya tatu, kisha akaenda kutafuta mashine ya ile ya kwanza.

Kama ni ya kutembea na kujifunza, unahitaji jeti pana kidogo, isiyozama haraka inapokuwa polepole. Kama unataka kuruka, unahitaji nyepesi. Kama unataka mbio, utahitaji nzito yenye nguvu, inayoshika maji kwenye kona. Hakuna jeti moja inayofanya yote matatu vizuri, na muuzaji akikwambia ipo, mwombe akuonyeshe majini.

Hatua ya 2: Linganisha uzito kabla ya farasi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ulaya au Marekani mtu hufika na gari, trela na gati la simenti. Goma unashuka juu ya mawe ya lava, makali, meusi, yanayochana bodi kama kisu cha kukwangulia ndizi. Jeti lazima inyanyuliwe, isiburutwe.

Kwa hiyo tazama namba hizi:

- Yamaha SuperJet ya zamani (mota ya mipigo miwili, yaani two-stroke, 701 cc): karibu kilo 140 bila mafuta. Watu wawili wenye nguvu wanaibeba, watatu wanaibeba kwa raha.
- Yamaha SuperJet mpya (mipigo minne, kuanzia 2021): kilo 170 bila mafuta. Watu watatu au wanne.
- Kawasaki SX-R ya 1,498 cc (kuanzia 2017): kilo 250 ikiwa tayari kwa safari. Bila trela au njia laini ya kushushia, utaichoka mwezi wa kwanza.

Mimi nimebeba SuperJet ya zamani kutoka nyumbani hadi majini kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imelazwa juu ya magodoro mawili na kufungwa kwa kamba ya mpira, watu wawili wakishika mkia. Ilifika salama. SX-R singeithubutu hivyo.

Hatua ya 3: Zijue koo mbili na matoleo yake

*Kawasaki.* Zile ndogo za zamani, 440 na 550, bado zinaonekana mara mojamoja. Ni nyembamba na zinayumba, na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Ukipewa bure, jifunzie. Usiinunue kwa pesa ya maana.

Ya kuangalia kwa makini ni 800 SX-R, iliyouzwa kuanzia 2003 hadi 2011. Silinda mbili, 781 cc, mipigo miwili, farasi 80 hivi. Ina pampu yake ya oili, kwa hiyo huchanganyi kwenye tangi. Hilo ni jema na ni baya: jema kwa sababu ni rahisi, baya kwa sababu pampu hiyo ikifa kimya, mota inafuata. Ni tulivu kuliko SuperJet ya zamani, inasamehe makosa ya mwanafunzi, na haina ule uzito wa SX-R mpya.

Baada ya 2011 Kawasaki walikaa miaka kadhaa bila jeti ya kusimama, wakarudi 2017 na SX-R ya silinda nne, mipigo minne, farasi kama 160, mota iliyotoka kwenye jeti zao za kukaa. Ni mashine nzuri sana. Inapita juu ya mawimbi kama gari kwenye lami, inashika kona, haichoki. Tangi lake ni lita 23. Lakini haitaki kurushwa angani na mwili wa kawaida, na ikikuzimikia mbali na ufukwe, kuivuta kwa kasia ya pirogi (mtumbwi) ni kazi ya mchana kutwa.

*Yamaha.* SuperJet ilianza 1990 ikiwa na mota ya 633 cc, ikapewa 701 cc katikati ya miaka ya tisini, ikaendelea na mipigo miwili hadi 2020. Miaka thelathini ya chombo kimoja. Maana yake vipuri vya kampuni nyingine vimejaa duniani, na kila kosa lake limeshajulikana. Farasi 73. Tangi lita 18. Haina pampu ya oili: unachanganya mwenyewe. Inageuka kwa wepesi ajabu, lakini ni ngumu kwa siku za kwanza, maana bila kasi inazama chini yako.

Mwaka 2021 walibadili kila kitu: bodi mpya, mota ya TR-1 ya silinda tatu, 1,049 cc, mipigo minne, farasi karibu 100. Ni pana kuliko ile ya zamani, mkono wa usukani unarekebishika kulingana na urefu wako, na kuna hali ya kupunguza nguvu kwa anayejifunza. Kwa mtu mwenye pesa anayeanza leo, hii ndiyo ningemwonyesha kwanza.

*Wengine.* Rickter na Krash hutengeneza jeti nyepesi za michezo ya kuruka. Ukiziona kwenye video utazitamani. Lakini ni kampuni ndogo, mashine za wataalamu; ukivunja kitu, unasubiri kifurushi kutoka mbali. Subiri miaka miwili mitatu ya mazoezi kwanza.

Hatua ya 4: Kata farasi kwa sababu ya mwinuko

Namba za kiwandani zimepimwa kwa hewa ya baharini. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyembamba, na mota isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Hesabu: utapoteza karibu asilimia 14 au 15.

Basi farasi 160 za SX-R zinakuwa kama 137. Farasi 100 za SuperJet mpya, 86. Farasi 73 za ile ya zamani, 63. Zote zinashuka pamoja, kwa hiyo mpangilio haubadiliki. Kinachobadilika ni hali ya mwendeshaji mzito. Kama una kilo 100, SuperJet ya zamani itakuchosha kuinuka majini hapa, hata kama binamu yako wa Dar es Salaam mwenye kilo zile zile anairusha.

Jambo la pili: mota zenye injekta (SX-R ya 1,498 cc na SuperJet mpya) hujirekebisha zenyewe. Zenye kabireta hazijui kama zimepanda mlima. Jeti iliyotoka pwani na kuletwa Goma bila kurekebishwa itakunywa esansi nyingi kuliko hewa, itatoa moshi, buji zitakuwa nyeusi, na itasita ukifungua gesi. Fundi apunguze esansi kwenye kabireta, kidogo kidogo, akitazama rangi ya buji kila mara.

ONYO: ukiipeleka jeti hiyo tena kwenye nchi ya chini, Kalemie au pwani, irekebishe upya kwa kuongeza esansi. Mota ya mipigo miwili yenye esansi chache inayeyusha pistoni.

Hatua ya 5: Chagua mipigo miwili au minne kwa kutazama fundi uliye naye

Nadharia iko fupi: mipigo miwili ni nyepesi, rahisi kufungua, inakunywa zaidi na inatoa moshi. Mipigo minne ni nzito, kimya, inadumu, lakini ikikataa inataka kompyuta ya kusoma kosa.

Sasa nenda bandari ya Kituku hapa Goma, au ile ya Bukavu, uwatazame mafundi wa boti. Mikono yao imezoea mota za nje za Yamaha za mipigo miwili. Wengine walianza na pikipiki za AG100 za misheni na mashirika, nazo za mipigo miwili. Mtu kama huyo, SuperJet ya 701 cc ataifungua na kuifunga bila hofu. Mletee SX-R inayowasha taa ya kosa, atakwambia ukweli: "Papa, hii sina mashine yake."

Kwa sababu hiyo, kwa aliye Goma au Bukavu na pesa za wastani, mimi bado nachagua SuperJet ya mipigo miwili ya miaka ya 2008 hadi 2020. Najua vijana wanataka mpya. Lakini chombo kinachokaa juu ya mawe miezi mitano kikisubiri kifaa kutoka Dubai si chombo.

Uchanganyaji: sehemu 50 za esansi kwa 1 ya oili. Yaani mililita 20 kwa kila lita, mililita 100 kwa bidoni ya lita 5, mililita 360 kwa tangi zima la lita 18. Tumia oili ya boti yenye alama TC-W3, ile ile wanayonunua wenye mota za nje. Oili ya pikipiki za teksi ni ya mipigo minne. Usiimimine humo kamwe.

Na esansi ya kadhafi, yule muuzaji wa bidoni barabarani? Mimi huichuja kwa kitambaa laini na kuiacha itulie kwenye bidoni nyeupe usiku mzima. Asubuhi, maji yakiwemo, yanaonekana chini.

Hatua ya 6: Kagua iliyotumika kabla ya kuzungumza bei

Jeti yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Rangi ilikuwa inang'aa, mota ikawaka kwa kidole kimoja, nikatoa pesa. Siku ya tatu silinda ya nyuma ilikufa. Nilipofungua nikakuta pistoni iliyokwaruzika zamani, ikapakwa oili nyingi ili inyamaze. Tangu siku hiyo sinunui bila kupima.

1. Toa buji zote mbili, waya zake uziguse kwenye chuma. Funga kipimo, fungua gesi hadi mwisho, zungusha mota kwa stata mpaka sindano isimame. Andika. Rudia silinda ya pili. Tofauti kati yake isizidi asilimia 10.
2. Usishtuke namba zikiwa chini. Hewa ya Goma inashusha kipimo pia: silinda inayosoma psi 150 baharini itasoma karibu 130 hapa. Kinachoua biashara ni tofauti kati ya silinda, siyo namba yenyewe.
3. Kwa mipigo minne, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ondoka.
4. Geuza jeti ubavu, mulika pampu kwa tochi. Feni yake isiwe na meno yaliyolika, na nafasi kati ya feni na pete yake iwe ndogo kama unene wa ukucha. Mchanga wa lava hula hapo kwanza.
5. Gonga bodi kwa kidole kutoka puani hadi mkiani. Sauti ikibadilika ghafla, pana kiraka au maji ndani.
6. Tikisa mkono wa usukani kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimekwisha.
7. Linganisha namba ya bodi na namba ya mota na karatasi za duane (forodha). Zisipofanana, usinunue, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

ONYO: usiiwashe nchi kavu zaidi ya sekunde 15. Mota hupozwa kwa maji ya ziwa. Ukiiunganisha na bomba ili kuisafisha, washa mota kwanza ndipo ufungue maji. Ukimaliza, funga maji kwanza ndipo uzime. Kinyume chake maji yanapanda kwenye ekzosi hadi silindani.

Hatua ya 7: Ijaribu majini, dakika 15 angalau

Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, lakini wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa) wakiwa wameshaondoa nyavu. Funga kamba ya kuzimia mota kwenye kifundo cha mkono wako. Anza kwa tumbo, halafu magoti, uzito mbele, gesi kidogo. Jeti ikipanda juu ya maji ndipo usimame. Magoti siku nzima ya kwanza si aibu.

Sikiliza mambo manne. Je, mota inapiga kelele bila kuvuta? Pampu inanyonya hewa. Je, kijitundu cha pembeni kinatema maji mfululizo? Hayo ndiyo maji yanayopoza mota. Je, ikizimwa ikiwa moto inawaka tena? Je, inavuta upande mmoja ukiachia usukani?

Na jambo linaloumiza wengi: jeti hizi hazina breki wala rivasi, na ukiachia gesi, usukani haugeuzi kitu. Ukiona pirogi mbele, kata kona ukiwa na gesi. Mwanafunzi huachia gesi kwa woga, akaenda moja kwa moja.

Ikipinduka, tazama alama nyuma ya bodi inayoonyesha uielekeze upande gani. Kuigeuza upande mwingine kunaingiza maji kwenye mota.

Usivuke katikati ya ziwa. Mpaka na Rwanda unapita majini bila kamba wala boya, na makanoti rapidi (boti za kasi za abiria) ya Bukavu hayakuoni.

Hatua ya 8: Hesabu bei yote

Jeti mpya, iwe SX-R au SuperJet, Marekani ilianzia karibu dola 10,000. Hiyo ni bei ya dukani kwao. Ongeza meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, lori kupitia Kampala au Kigali, duane, jile, batri ya akiba, feni ya akiba, buji kumi. Kama baada ya hesabu hiyo hubakiwi na pesa ya matengenezo ya mwaka mmoja, shuka daraja moja kwenye orodha.

Ikikataa

*Stata inalia "tak" tu:* batri. Halafu nyaya za batri. Halafu stata. Usianze na stata.

*Inazunguka haiwaki:* kamba ya kuzimia imekaa vizuri? Bomba la esansi liko ON? Buji zimelowa? Zikiwa zimelowa, zitoe, zungusha mota utoe esansi, zikaushe.

*Inawaka, inasita ukifungua gesi, buji nyeusi:* mwinuko. Rudi hatua ya 4.

*Ghafla imepoteza kasi, mota inalia juu:* zima kwanza, ndipo uingize mkono chini. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki, uzi wa nyavu, au kijiwe cha lava kwenye wavu wa pampu.

*Harufu ya mpira kuungua:* maji ya kupoza hayapiti. Zima papo hapo, rudi ukivutwa.

*Je, gesi ya ziwa italipuka?* Hapana. Methani imeyeyuka chini kabisa, imekandamizwa na uzito wa maji. Haifiki kwenye jeti yako.

*Mota inazima yenyewe ukiwa umeishusha kwenye shimo la pwani, hakuna upepo:* usiiguse, usiiname kutafuta kosa. Huenda ni mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Hewa hiyo nzito hukaa kwenye mabonde madogo ya lava, hasa alfajiri, na mota haiwaki pasipo oksijeni kama vile mtu hapumui. Panda juu haraka, waite wenzako wapande, na jeti iache hapo mpaka jua na upepo vije.